Motokaa Itokayo Dukani: Mashindano ya Stoku ya Marekani na Watazamaji Wake wa Zamani

Tarehe 19 Juni, 1949, motokaa 33 zilipangwa katika uwanja wa vumbi karibu na mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, ili zishindane kwa mizunguko 200 ya robo tatu za maili. Hazikuwa motokaa zilizoundwa kwa mashindano. Zilikuwa Ford, Buick, Lincoln, Hudson na Oldsmobile, za namna ile ile ambayo waalimu, wenye maduka na wakulima wenye uwezo waliiendesha kwenda kazini na kanisani. Lee Petty wa Level Cross, katika jimbo hilo hilo, alishindana kwa Buick ya kuazima. Ikapinduka naye, akatoka salama, ila kazi ya kumweleza mwenye mali ilikuwa bado inamngoja.

Mashindano hayo yalikuwa ya kwanza katika daraja ambalo chama cha NASCAR kililipa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa Stoku Tupu. Neno stoku, katika lugha ya biashara, ni bidhaa iliyowekwa dukani au ghalani ikingoja mnunuzi, na kwa maana hiyo hiyo limekwisha kuingia katika Kiswahili cha wafanya biashara. Motokaa ya stoku, basi, ni motokaa kama itokavyo dukani, ambayo fundi hakuigusa ila kwa jambo dogo la usalama, kama vile kufunga milango kwa mikanda isifunguke njiani. Chama kilikwisha kuundwa na Bill France na wenzake katika mkutano wa Desemba 1947 mjini Daytona Beach, jimbo la Florida, kikaandikishwa Februari 1948. Walakini mwaka wa kwanza kilishindanisha motokaa kuukuu zilizotengenezwa upya na mafundi. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Vita ilikuwa imekwisha juzi tu, viwanda havijatosheleza haja ya wanunuzi, na maduka yenyewe hayakuwa na stoku.

Katika habari za mchezo huu hakuna jambo linalotajwa mara nyingi na watazamaji wa zamani kuliko neno hili. Wasemapo kwamba mchezo umeharibika, hoja yao ya kwanza aghalabu huwa kwamba motokaa za leo “si stoku”. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu yeyote aweza kuithibitisha kwa kutazama. Lakini historia yaonyesha kwamba jina na kitu vilianza kuachana mapema sana kuliko wazee wa mchezo wapendavyo kukiri. Na yafaa kuuliza ni kitu gani hasa walichokipoteza, na ni nani katika wao aliyekuwa nacho.

Mtengano ulianza siku ile ile ya kwanza. Aliyetangulia kufika mwisho pale Charlotte alikuwa Glenn Dunaway, katika Ford ya mwaka 1947. Wakaguzi walipoichungulia chini wakakuta springi za nyuma zimekazwa kwa namna isiyofanywa kiwandani. Ilikuwa hila ya wasafirishaji wa pombe ya magendo, ile pombe kali ya mahindi iliyopikwa kwa siri vilimani, ndugu ya gongo na chang’aa. Kwa kuwa motokaa iliyojaa pombe huinama nyuma, nayo motokaa iliyoinama huwaita askari. Dunaway aliondolewa, na ushindi akapewa Jim Roper wa Kansas, aliyekuwa na Lincoln. Mwenye Ford akapeleka shauri mahakamani, asifanikiwe. Kwa hiyo hukumu ya kwanza kabisa katika historia ya daraja hili ilikuwa hukumu juu ya maana ya neno: kipi ni stoku, na kipi si stoku.

Msimu huo ulikuwa na mashindano manane tu, na bingwa wake alikuwa Red Byron, aliyekuwa amejeruhiwa mguu vitani. Mwaka 1950 jina la Stoku Tupu likaachwa, daraja likaitwa Grand National, kwa kufuata mbio mashuhuri za farasi za Uingereza. Yaani jina lililosema ukweli mtupu liliishi msimu mmoja. Lakini stoku yenyewe haikutoka, kwa kuwa herufi ya tatu katika NASCAR ndiyo hiyo, nayo imekaa pale hadi leo.

Wasomaji wa Kiswahili hawatalistaajabia jambo hili. Jina la gari la moshi halikufa siku injini za mvuke zilipoondolewa relini. Na gari lenyewe, kabla ya kuwa la petroli, lilikuwa la kukokotwa. Jina huzoea kukaa mahali pake wakati kitu kinapobadilika polepole chini yake. Tofauti ni kwamba hakuna abiria aliyepata kulalamika kwamba gari la moshi halina moshi, bali watazamaji wa Marekani wamelalamika kwa miaka hamsini.

Ni kwa nini? Jawabu li katika mapenzi yaliyouanzisha mchezo. Mtu aliyeketi jukwaani Darlington, South Carolina, mwaka 1950, katika mashindano ya kwanza ya maili 500, aliweza kuona motokaa ya jina na umbo la ile aliyoiacha nje chini ya mti. Siku ile Johnny Mantz alishinda kwa Plymouth iliyokuwa miongoni mwa zile zenye nguvu ndogo kuliko zote, akienda taratibu kwa tairi ngumu, huku wenye injini kubwa wakipasukiwa na tairi moja baada ya nyingine. Safari ikachukua zaidi ya saa sita. Mwenye Plymouth alirudi nyumbani akijiona ameshinda yeye. Jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalizigawa motokaa katika madaraja kwa bei yake ya dukani, na watu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakingoja kando ya barabara za matope walibishana juu ya Volkswagen na Peugeot kwa sababu zile zile.

Viwanda viliyafahamu mapenzi hayo upesi. Ikasemwa kwamba motokaa ishindayo Jumapili huuzwa Jumatatu. Kampuni ya Hudson, ambayo Hornet yake ilishinda mara 27 katika mashindano 34 ya mwaka 1952, iliweka katika orodha yake ya vipuri vyuma maalumu vilivyosemekana kuwa ni vya wateja wenye kazi nzito. Kila aliyejua mchezo alijua kazi hiyo nzito ilikuwa ipi. Lakini kwa kuwa kipuri kilikuwa na namba yake katika orodha, na mtu yeyote aliweza kukiagiza, kilikuwa stoku. Hapa neno halikuvunjwa. Lilinyoshwa tu, kama wanasheria wajuavyo kunyosha.

Mvutano huu uliendelea kwa miaka ishirini, na ndiyo sehemu tamu ya historia yote. Mwaka 1964 Chrysler ilileta injini iliyoitwa Hemi. Richard Petty, mwana wa yule Lee wa Buick ya kuazima, alishinda nayo Daytona 500, na wa pili na wa tatu walikuwa na injini hiyo hiyo. Haikupatikana katika motokaa za wanunuzi wa kawaida. Kwa hiyo sheria za 1965 ziliifungia mlango, na Chrysler ikajitoa kwa sehemu kubwa ya msimu. Mwaka 1966 kiwanda kikaanza kuiuza injini hiyo katika motokaa za barabarani, ingawa kwa bei isiyokuwa ya kila mtu, ikarudi mashindanoni kwa heshima zote. Tazama mwendo wa hoja: injini haikuingia mashindanoni kwa sababu ilikuwa dukani, bali ilipelekwa dukani ili ipate kuingia mashindanoni.

Mwisho wa njia hiyo ulifikiwa mwaka 1969 na 1970. Dodge iliunda Charger Daytona, na Plymouth ikaunda Superbird, motokaa zenye pua ndefu iliyochongoka kama mdomo wa chuchunge na bawa lililosimama nyuma, juu zaidi ya paa. Ya kwanza iliundwa kiasi cha 500 tu, kama sheria ilivyotaka. Ya pili ilibidi izidi 1,900, kwa kuwa sheria ilikwisha kukazwa. Machi 1970 Buddy Baker aliiendesha Charger Daytona katika uwanja wa Talladega, jimbo la Alabama, kwa zaidi ya maili 200 kwa saa. Mashindanoni zilitisha. Dukani, wanunuzi walizitazama wakacheka, wakanunua nyingine. Superbird kadhaa zilikaa na kukaa hata wenye maduka wakazing’oa pua na mabawa wapate kuziuza kama motokaa za kawaida. Mwaka 1971 sheria ziliwekea motokaa za mabawa injini ndogo mno, zikatoweka.

Kwa hukumu ya historia, hapo ndipo stoku ilipokufa. Hapo mwanzo uwanja uliiga duka. Sasa duka liliiga uwanja, na kwa kulazimishwa. Ajabu ni kwamba wazee wengi wa mchezo huzitaja motokaa hizo za mabawa kuwa ndizo kilele cha zama za kweli. Kila kizazi huiweka enzi ya dhahabu katika ujana wake, na aliyekuwa kijana mwaka 1970 hawezi kulaumiwa kwa kupenda alichokiona.

Mambo mengine mawili yalitukia katika miaka hiyo hiyo, nayo yaliwagusa watazamaji kuliko injini. La kwanza, vumbi lilikwisha: mashindano ya mwisho ya daraja la juu katika uwanja wa udongo, kabla ya kufufuliwa kwa muda huko Bristol mwaka 2021, yalifanyika Raleigh, North Carolina, Septemba 1970. La pili ni fedha. Sheria ya Marekani ilikataza matangazo ya sigara katika redio na televisheni kuanzia Januari 1971, na kampuni ya R. J. Reynolds, yenye makao yake North Carolina, ikawa na fedha nyingi za matangazo zisizo na mahali pa kwenda. Ikazileta mashindanoni, na daraja likachukua jina la sigara za Winston hadi 2003. Mwaka 1972 mashindano yalipunguzwa kutoka 48 hadi 31. Yaliyokatwa yalikuwa yale mafupi ya katikati ya juma, katika viwanja vidogo vya miji midogo, ambako mtu wa kiwanda cha nguo aliweza kutoka zamu, kula, na kuketi jukwaani kabla jua halijatua.

Televisheni ilifuata. Tarehe 18 Februari, 1979, Daytona 500 ilionyeshwa moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, wakati theluji nzito imewafungia watu wa mashariki majumbani mwao. Katika mzunguko wa mwisho Cale Yarborough na Donnie Allison waligongana, Richard Petty akapita akashinda, na nchi nzima ikawaona Yarborough na ndugu wawili wa Allison wakipigana majanini. Tangu hapo mchezo haukuwa tena wa kusini peke yake.

Kuhusu motokaa zenyewe, miaka iliyofuata ilikuwa ya kujifanya. Viwanda vya Marekani viligeukia motokaa zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Zile za mashindano ziliendelea kusukumwa na yale ya nyuma. Kabureta iliondoka katika motokaa mpya za barabarani yapata 1990. Mashindanoni iliendelea hadi 2012. Mfano ulio wazi kupita yote ni Ford Taurus, iliyoingia daraja la juu mwaka 1998. Ya dukani ilikuwa motokaa ya jamaa yenye milango minne, injini ya silinda sita, na nguvu katika magurudumu ya mbele. Ya uwanjani haikuwa na mlango hata mmoja, ilikuwa na silinda nane, nguvu ilikuwa nyuma, na ndani yake ilikuwa fremu ya mabomba ya chuma. Taa zake zilikuwa picha za kubandika. Kilichokuwa cha kweli ni jina tu, na pengine hata hilo.

Walakini hapa yapasa kusimama, maana malalamiko huyasahau makaburi. Mei 1987, huko Talladega, motokaa ya Bobby Allison iliruka ikararua ua wa waya mbele ya majukwaa, watazamaji wakaumia. Ndipo kuanzia 1988 likawekwa kati ya kabureta na injini bamba lenye matundu madogo ili kupunguza hewa na mwendo katika viwanja vikubwa viwili. Mei 2000 Adam Petty, kitukuu wa Lee, kijana wa miaka 19, alikufa akijizoeza huko New Hampshire, mwezi mmoja tu na siku kadhaa baada ya babu yake mkubwa kufa. Mwaka huo huo walikufa Kenny Irwin na Tony Roper. Na tarehe 18 Februari, 2001, katika kona ya mwisho ya Daytona 500, akafa Dale Earnhardt, bingwa mara saba. Kabla ya mwaka kwisha chama kilikuwa kimewalazimisha madereva wote kuvaa kifaa cha kuzuia kichwa na shingo. Kuta zikaanza kuvishwa vizuizi vyenye kunywea, na motokaa ya 2007, ambayo watazamaji waliichukia kwa ubapa wake na kwa kuwa umbo lilikuwa moja kwa viwanda vyote, ilimsogeza dereva katikati, mbali na mlango wa chuma. Hadi mwaka 2025 hakuna dereva mwingine aliyekufa katika mashindano ya daraja la juu. Buick ya kuazima ya mwaka 1949 isingeweza kutoa ahadi kama hiyo kwa mwendo wa leo. Motokaa ya stoku ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa ya polepole, na watu hawakutaka iwe ya polepole.

Tena, si kila mtazamaji aliyekuwa na zama njema za kuzililia. Wendell Scott wa Danville, Virginia, Mwamerika mweusi, fundi wa jeshi wakati wa vita na msafirishaji wa pombe ya magendo kama wenzake wazungu, alijitengenezea motokaa zake yeye na wanawe kwa vipuri vya mitumba. Tarehe 1 Desemba, 1963, katika uwanja wa vumbi wa Jacksonville, Florida, alimaliza mbele ya wote kwa mizunguko miwili. Bendera ya ushindi ikapewa mzungu, Buck Baker, aliyeondoka na kikombe. Baada ya saa kadhaa, watazamaji walipokwisha kurudi makwao, wakubwa wa mashindano walikiri kwamba hesabu ilikosewa. Scott alikufa mwaka 1990 bila kukishika kikombe kilichomstahili. Jamaa zake walikabidhiwa kikombe na chama mwaka 2021. Hapa hapakuwa na ubishi juu ya springi wala injini. Motokaa ilikuwa halali, na mizunguko ilikuwa halali.

Kwa sababu hiyo NASCAR ilipopiga marufuku bendera ya majimbo yaliyojitenga katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, Juni 2020, baadhi ya wazee wa mchezo waliona wamenyang’anywa kitu kingine tena, pamoja na stoku, vumbi na tarehe zao za zamani. Wengine, ambao kwa miaka mingi walibaki mbali na majukwaa kwa ajili ya bendera hiyo, waliona lango limefunguliwa. Oktoba 2021 Bubba Wallace alishinda Talladega, akawa dereva mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu, miaka karibu 58 baada ya Scott. Mtu awezaye kuyaweka malalamiko yote ya zamani katika kapu moja hajayasikiliza.

Hasara iliyo ya kweli, na isiyohitaji mabishano ya maneno, ni ya mahali. Baada ya 1996 uwanja wa North Wilkesboro ulinyang’anywa tarehe zake mbili, moja ikaenda Texas na nyingine New Hampshire. Rockingham ilifuata 2004. Darlington nayo ilipoteza mashindano yake ya wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, baada ya 2003, hata yakarudishwa 2015. Wakati huo huo njia ya kumpata bingwa ilibadilishwa 2004, ikabadilishwa tena 2014, na mwaka 2017 kila shindano likakatwa vipande vyenye alama zake, hata mtazamaji wa miaka arubaini akahitaji kufundishwa hesabu upya. Majukwaa, yaliyokuwa yakiongezwa kila mwaka katika miaka ya 1990, yakaanza kubomolewa.

Motokaa iliyoletwa 2022 imefika mahali pa kuchekesha. Vyuma vyake vingi hutoka kwa muundaji mmoja kwa kila kipuri, navyo hununuliwa na timu zote sawasawa. Fundi haruhusiwi kuvigusa, na akivigusa huadhibiwa kama Dunaway. Kwa maana moja, basi, ni stoku kuliko zote zilizotangulia tangu 1949, ila duka lake ni la madereva tu, na mtazamaji hana ruhusa kuingia. Chevrolet zilikimbia kwa jina la Camaro. Kiwanda kikaacha kuunda Camaro baada ya modeli ya 2024, na mwaka 2025 jina lilikuwa bado linakimbia. Motokaa ya stoku ikawa na kila kitu isipokuwa stoku.

Mei 2023 North Wilkesboro ulifunguliwa tena kwa mashindano ya madereva mashuhuri, baada ya miaka 26 ya magugu. Kyle Larson alishinda, kwa Camaro. Uwanja huo una mteremko upande wa mbele na mwinuko upande wa nyuma, kwa sababu walioujenga miaka ya 1940 hawakuwa na fedha za kusawazisha kilima, na mteremko huo haujaondolewa. Lami ya mwaka 1981, iliyopasukapasuka, iliachwa kwa makusudi siku ile, watazamaji wakaisifu kuliko motokaa. Mwaka uliofuata ikatandikwa mpya.